Muulize Mchora Ramani: Vijia vinne vinakutana pasipo na kitu

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu aliacha sanduku la mabati, na ndani yake tumekuta ramani ya eneo letu iliyokunjwa mara nane. Skeli ni 1:50,000. Pembeni imeandikwa kwamba picha za anga zilipigwa 1957, na chini kabisa kwamba ilichapwa 1963. Mistari ya kahawia imepishana futi 50. Nyumba ni vidoti vyeusi, na vyote viko juu, kwenye mgongo wa kilima, ilhali sisi leo tunaishi bondeni kando ya barabara. Kwenye ramani bonde hilo limejaa alama za buluu kama vishungi vya nyasi. Kuna pia pembetatu yenye nukta katikati na namba ubavuni. Kinachoninyima usingizi ni vijia vinne vya vistari-vistari. Vinashuka kutoka kwenye vidoti na kukutana mahali pasipo na kitu: si nyumba, si shule, si kinu. Havivuki kwenda ng'ambo. Ni hapo hapo mstari wa buluu unapoanzia. Nilizisoma namba za mahali hapo kwenye ramani, nikaziingiza kwenye simu, nikajikuta katikati ya shamba la mtu, pakavu kabisa. Halafu baba mdogo anasema ramani hii inamaliza ugomvi wetu wa mpaka na majirani. Je, inamaliza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na baba mdogo kabla hajaenda nayo barazani: haimalizi.

Nilikaa kwenye meza ya kuchorea ramani kwa miaka 31, kwa hiyo hili nalisema kwa vidole vyangu. Katika skeli ya 1:50,000, milimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Mstari mwembamba tuliokuwa tukiuchora, wa milimita 0.2, unafunika mita 10. Sasa mnagombania nini na majirani, hatua tatu? Nne? Ugomvi wenu wote unaingia ndani ya unene wa wino na nafasi inabaki. Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, walizijua tabia za watu mapema. Kwenye ramani zao waliandika kwamba kuchorwa kwa barabara au kijia si ushahidi kwamba kuna haki ya kupita hapo. Mipaka ya mashamba ina ramani yake, ya kadasta, yenye namba za viwanja, urefu wa kila upande na mawe ya mpaka. Hiyo iulizieni ofisi ya ardhi. Ya babu inaweza kuwaambia kwamba nyumba zilikuwa mgongoni mwa kilima mwaka 1957. Zilikuwa za nani, haijui.

Nimesema 1957, na wewe useme hivyo hivyo. Watu hukimbilia mwaka wa kuchapwa kwa sababu umeandikwa vizuri, lakini kilichomo kwenye ramani ni kile ndege ilichokiona siku ilipopita. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo alikuwa na umri wa kwenda shule karatasi yako ilipotoka kiwandani. Nyumba iliyojengwa 1960 huenda haimo, na nyumba iliyobomolewa 1958 huenda imo, imesimama na bati lake. Soma pambizo zote kabla hujaangalia katikati. Tazama kama kuna mwaka wa tatu, ule wa mkaguzi aliyepita kwa miguu kuuliza majina na kuhakikisha. Kama haupo, basi ramani yako ilichorwa na watu ambao huenda hawakuwahi kukanyaga kwenu.

Wengi tulikuwa hivyo. Kuna wilaya ninazozijua kila mkondo wake na sijawahi kunywa maji yake. Picha za anga hupigwa kwa kupishana, kila moja ikirudia kiasi cha asilimia 60 ya iliyotangulia, ili kila kipande cha ardhi kionekane kutoka sehemu mbili. Unaziweka mbili chini ya stereoskopu, kifaa chenye lenzi mbili, jicho moja kwa picha hii, jicho jingine kwa ile, unatulia kidogo, na kilima kinainuka mezani kukujia usoni. Sikuwahi kuzoea. Hata wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa bado nanyoosha kidole kukigusa.

Sasa vidoti. Usivihesabu. Najua umeshavihesabu, kila mtu huvihesabu. Palipokuwa na nyumba nyingi zimebanana tulikuwa tunapunguza, tano zikawa tatu, ili zisiwe doa moja jeusi. Nyumba ya peke yake haikupunguzwa, kwa hiyo kidoti kilichojitenga kiamini zaidi ya kundi. Na kuhusu kusogezwa kwa vitu nikiri kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kijiji chenye kisima kimoja, kando kabisa ya barabara. Barabara yenyewe haikuzidi mita 6, lakini alama yake ya milimita moja ilifunika 50. Kisima kikaangukia ndani ya barabara. Kanuni ilikuwa kusogeza vitu pembeni ili vyote vionekane. Nikasogeza nyumba, nikasogeza shule, nafasi ikaisha, nikakiacha kisima. Mkaguzi hakuona. Ramani ile ilitumika miaka mingi, na watu waliendelea kuchota kwenye kisima ambacho kwa maandishi yangu hakikuwepo.

Kwa hiyo ukiona mahali pasipo na kitu, usiharakishe kusema hapakuwa na kitu.

Tuje kwenye vijia vyako. Kijia hakijengwi na serikali, hukanyagwa na watu wenye haja. Vinne vinaposhuka kutoka kwenye nyumba na kukutana mahali pamoja, haja ilikuwa hapo. Ningekuwa nimeona vinavuka na kuendelea ng'ambo ningesema ni kivuko, mahali pa mto pasipo na kina. Vyako vinakoma. Na vinakoma pale pale mkondo unapozaliwa. Mimi nasema hiyo ni chemchemi, na kijiji kizima cha mgongoni kilikuwa kinashuka kuchota hapo.

Kwa nini basi haikuandikwa? Kwa sababu chemchemi nzuri hujificha chini ya miti, na kutoka angani mti ni mti. Mchoraji aliona ukijani unaanza ghafla kwenye ardhi kavu, akaanzisha mstari wa buluu hapo. Jina na alama vilitakiwa kuongezwa na mkaguzi, ambaye kama karatasi yako ni ya dakika 15 kila upande, kama nyingi za skeli hiyo, alikuwa na eneo la karibu kilomita 28 kutoka kusini hadi kaskazini la kulimaliza kabla ya mvua. Wasovieti wasingeiruka. Ramani zao za kijeshi ziliandika hadi urefu wa miti msituni, unene wa mashina na nafasi kati ya mti na mti, daraja linabeba uzito gani, na mto una kina gani na kasi gani. Lakini wao walikuwa wanafikiria vifaru.

Kabla hujaniamini, kagua kitu kimoja. Kila rangi ya ramani ilikuwa na plastiki yake: kontua, ile mistari ya kimo, za kahawia peke yake, maji ya buluu peke yake, njia na nyumba nyeusi peke yake. Tulizichonga kwa sindano juu ya plastiki iliyopakwa rangi, kisha mtambo ukazipanga moja juu ya nyingine. Mtambo ukiteleza hata nusu milimita, buluu yote inahama mita 25. Kontua zinapovuka bonde hupinda kama herufi V, na ncha ya V huelekea juu, maji yanakotoka. Mstari wa buluu unapaswa kupita kwenye ncha hizo. Ukiona mto unapanda ubavu wa kilima, karatasi ilihama mtamboni. Ukiona umekaa kwenye ncha zake sawasawa, basi mwanzo wa mkondo na makutano ya vijia kweli viko pamoja, na una haki ya kukosa usingizi.

Hivyo vishungi vya buluu ni kinamasi, na hapo ndipo ramani yako inapojibu swali ambalo hukuuliza. Watu hawakukaa mgongoni mwa kilima kwa kupenda upepo. Bondeni hapakukalika. Sasa mnakaa huko, kwa hiyo kati ya 1957 na leo maji yalitoka. Nenda ukatazame kama kuna mfereji ulionyooka. Maji yakiachwa yenyewe hupinda, na palipo na maji yaliyonyooka kama rula pana mkono wa mtu. Kama kwenye ramani mkondo umejipinda na leo umenyooka, mmeishi juu ya kinamasi kilichokaushwa, na ningekuwa mimi ningejua hilo kabla ya kuchimba msingi wa nyumba nyingine.

Kuhama kwa namna hiyo si kwenu tu. Mfano mkubwa ninaoujua ni Ireland. Nchi nzima ilipimwa kati ya 1824 na 1846, kwa skeli ya inchi sita kwa maili, yaani 1:10,560. Kazi ilikuwa inaisha pale njaa kuu ya 1845 ilipoanza. Ukiitazama ramani ya kwanza unakuta nyumba zimekusanyika vikundi vikundi vijijini, na ukiitazama iliyofuata baadaye, vikundi vingi havipo: watu walikufa, wengine walipanda meli. Vijia vingine vilibaki vikielekea kwenye nyumba ambazo hazipo. Kwenye upimaji ule ule alikuwepo John O'Donovan, ambaye kazi yake kuanzia 1830 ilikuwa kutembea na kuuliza majina ya mahali na asili yake. Ningempa nusu ya mshahara wangu. Jina ni kitu kimoja ambacho kamera ya ndege haikioni kabisa. Kwenye ramani yako soma kila jina kwa sauti mbele ya mtu mzee kuliko wote mlio naye, kwa sababu lililoandikwa vibaya na mgeni huwa linatambulika likisikika. Usimwonyeshe maandishi, mtamkie tu.

Sasa simu yako. Haikukosea, na ramani haikukosea. Wapimaji wa zamani walihitaji umbo la dunia la kufanyia hesabu, nao hawakutumia moja tu; kila umbo liliitwa kwa jina la aliyelikokotoa. India ilipimwa kwa umbo la Everest la 1830, Uingereza kwa la Airy la 1830, Ujerumani na Japani kwa la Bessel la 1841, na sehemu kubwa ya Afrika kwa la Clarke la 1880. Kila nchi au ukanda ukalifunga umbo hilo kwenye ardhi yake kwa namna yake. Hiyo ndiyo datamu, na jina lake limeandikwa pambizoni. Simu inatumia WGS84, iliyotengenezwa kwa ajili ya setilaiti. Namba zile zile zikisomwa kwenye datamu mbili hutoa sehemu mbili, zinazoweza kuachana kwa mamia ya mita. Ndiyo maana ulisimama kwenye shamba la mtu.

Dawa yake unayo: ile pembetatu. Ni kituo cha upimaji, na namba ya ubavuni ni kimo chake juu ya usawa wa bahari, pengine kwa futi kwa kuwa kontua zako ni za futi. Mahali pake patakuwa juu, palipo wazi, kunakoonekana mbali. Huenda utakuta nguzo ya zege au bomba la chuma lililozibwa kwa saruji. Waingereza walipojipima upya kuanzia 1936 hadi 1962 walijenga nguzo kama 6,500 kwa muundo wa mpimaji wao Martin Hotine, na nyingi zimesimama hadi leo, ng'ombe wakijikunia. Yenu ikiwa imeng'olewa, tafuta makutano ya barabara ya zamani au daraja ambalo halijahama. Simama hapo na simu, andika namba inazokupa. Kisha soma namba za mahali hapo hapo kwenye ramani. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokupoteza. Iongeze kwenye namba za makutano ya vijia, uende.

Usitumie dira kwa mshale uliochorwa pambizoni bila kusoma mwaka wake. Kaskazini ya sumaku inatembea, na ile ya babu yako ni ya miaka hiyo.

Nenda wakati wa kiangazi. Tafuta miti iliyobaki mibichi wakati mingine imekauka, udongo mweusi, mawe yaliyopangwa. Kama kinamasi kilikaushwa huenda chemchemi imeshuka chini, mita kumi au ishirini kutoka pale ilipokuwa. Na angalia ardhi yenyewe: kijia kilichokanyagwa na kijiji kizima huacha mfuo hata baada ya nyasi kurudi, unaoonekana vizuri jua likiwa chini, asubuhi na jioni. Ukipata, niandikie. Ukikosa pia niandikie, nitakuwa nimekosea mara ya pili baada ya kisima.

SWALI: Mzee, nina ramani mbili za eneo moja. Ya zamani ina reli, mpya haina hata alama. Tumetafuta reli chini, hakuna. Je, mchoraji aliota?

JIBU: Hakuota. Chuma huuzwa, tuta hubaki. Treni haipendi mlima, kwa hiyo wahandisi wa reli hukata kilima na kujaza bonde ili njia iende karibu usawa. Kwenye ramani mpya tafuta kitu kinachotembea kwa mapindo mapana na laini, kikifuatana na kontua bila kuzikata ghafla: kijia cha shamba, mstari wa miti, hata mpaka kati ya mashamba. Barabara hupinda kwa hasira, reli hupinda kwa subira. Halafu tazama mahali ramani ya zamani ilipoonyesha vijistari vifupi pande mbili za reli. Vikielekea nje ni tuta, vikielekea ndani ni mkato. Mkato ndio wa kutafuta, maana tuta watu hulichimba wakachukua kifusi, lakini shimo halina mwizi.

SWALI: Ndugu yangu aliyeko Marekani amenitumia picha ya ramani ya huko yenye nyumba na barabara za rangi ya zambarau. Ndiyo hatari?

JIBU: Hapana. Shirika lao la jiolojia na ramani, USGS, lililoanzishwa 1879, lilitumia zambarau kuonyesha mambo yaliyoongezwa baadaye kutoka picha za anga bila mtu kwenda kuyahakikisha. Kwa hiyo ukiitoa zambarau yote kichwani unapata ramani ya zamani, na ukiirudisha unapata mpya: ramani mbili kwenye karatasi moja. Mwambie pia kwamba shirika hilo limeweka mtandaoni, bure, zaidi ya ramani 178,000 za kuanzia 1884 hadi 2006. Maktaba ya Taifa ya Scotland nayo inakuwezesha kuweka ramani ya zamani na picha ya setilaiti ya leo ubavu kwa ubavu, ukisogeza moja na nyingine inasogea. Nilipoonyeshwa na mjukuu nilikosa chakula cha mchana.

Na wewe unayesoma ambaye huna sanduku la babu, nenda ofisi ya ramani ya nchi yako uulize mambo mawili: matoleo yote ya karatasi ya eneo lenu, na picha za anga zenyewe. La pili watu hawaliulizi. Picha ina kila kitu ambacho sisi wachoraji tulikiacha, pamoja na visima.

SWALI: Ramani yetu inachanika kwenye mikunjo. Nimeanza kuibandika selotepu, kisha nipeleke ikapigwe lamineti.

JIBU: Acha vyote viwili. Lamineti huunganishwa kwa moto na haitoki tena. Gundi ya selotepu inageuka njano, inapenya karatasi, na baadaye inaachia. Ikunjue taratibu, ilaze bapa juu ya meza mbali na jua, uipige picha kipande kwa kipande ukiwa umesimama juu yake wima, kila picha ikirudia sehemu ya iliyotangulia. Pambizo nazo, usizisahau. Kisha ihifadhi ikiwa bapa kati ya karatasi mbili safi. Ikiwa hamna mahali pa kuilaza, izungushe juu ya bomba nene, maandishi yakiwa nje. Ile selotepu uliyokwisha kuibandika usiivute, itaondoka na kontua.